Ukitafuta Malalamiko Utampata Semesa

Jumatatu, 4 Machi

Suva, mji wetu mkuu. Mvua. Filimone, mkuu wetu wa waandishi wa programu, kaondoka kwenda Brisbane kama walivyoondoka wenziwe wote wenye akili. Kiti chake kitupu. Mimi nakitazama. Semesa naye anakitazama. Heri angekuwa mtu mwingine yeyote duniani!

Bi. Urmila Deo, mwenye kampuni, katuita asubuhi. Kasema mzee Pillay wa Labasa, mteja wetu mkubwa, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwenye kisiwa cha Kaskazini, anataka kutuhama. Kisa? Programu yetu haijui kutafuta. Ukiwa na namba kamili ya ankara, inakuletea. Ukiisahau namba, umekwisha. Pillay aliandika neno "mabati", akangoja. Akaenda kula. Akarudi. Skrini imemkodolea macho vilevile. Sasa kuna kampuni ya Auckland imemwonyesha kisanduku: unaandika neno lolote, mashine inakuletea kila ankara, kila ujumbe na kila kumbukumbu yenye neno hilo. Pillay anakitaka. Jumanne ya wiki ijayo anakuja kuona kama sisi tunacho.

Hatuna.

Kazi imegawanywa. Mimi nitengeneze injini, ile inayosoma maandishi yote na kukumbuka kila neno liko wapi. Semesa atengeneze sura: kisanduku chenyewe na marembo yake. Pillay akiridhika, Bi. Urmila atamtaja mkuu mpya. Mmoja wetu. Nina umri wa kuwa mkuu. Nina mvi mbili. Ni zamu yangu.

Tatizo ni kwamba Semesa ni mtani wangu. Kijiji chetu, Nukuvesi, na kijiji chao, Korolailai, ni watani tangu enzi za mizimu. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako, na mababu zako wanaaibika pamoja nawe. Leo kachukua muhogo wangu wa mchana na samaki wangu wa nazi. Eti, "Mtani, nyinyi watu wa Nukuvesi mkishiba mnalala. Nakusaidia kazi." Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Taya linaniuma mpaka sasa.

Nimemwambia mke wangu Lavenia kwamba ukuu unanukia.

Jumanne, 5 Machi

Kosa. Lavenia kamwambia mama yake. Mama yake kamwambia baba mkwe. Baba mkwe ni mzee Watisoni, shemasi, mtu ambaye tangu siku ya harusi hajanitazama usoni ila kuangalia kama nimenyoa. Leo kanipigia simu mwenyewe! Kauliza kama habari ya ukuu ni kweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema "bado". Neno fupi. Nikasikia pumzi yake kwenye simu, nikasema, "Tayari, baba."

Basi. Jumapili atatoa shukrani kanisani. Nguruwe keshachaguliwa.

Ofisini, injini yangu imewaka. Tunajaribia kwenye kumbukumbu zetu wenyewe: kila simu ya mteja, kila tatizo, kila tangazo la ofisini, na jina la mfanyakazi aliyelishughulikia. Mashine imesoma miaka yote hiyo na kutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, lakini ya kila neno. Nikaandika "mabati". Kufumba na kufumbua, mabati yote ya nchi hii! Mabati yaliyopotea bandarini, mabati yaliyoota kutu, mabati ya kanisa la Savusavu. Nilisimama peke yangu nikapiga makofi. Kwa kweli nilifurahi. Ni kitu kizuri, na nimekitengeneza mimi.

Nikageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha. Wote walikuwa wamemzunguka Semesa. Kisanduku chake kina pembe za mviringo. Kina rangi ya kijani kama jani la gimbi. Bi. Urmila alikuwa anasema, "Oho, kinapendeza." Pembe za mviringo! Mtu anajenga nyumba, mwingine anapaka rangi mlango, mgeni anausifu mlango.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata mpango. Sijui kwa nini sikuwa tajiri zamani.

Ni hivi. Mtu akitafuta neno, mashine inaweza kupata majibu mengi kuliko mvua ya Suva. Ni lazima iamue lipi litangulie. Inaamua kwa uzito: jibu zito juu, jepesi chini. Na anayegawa uzito ni nani? Ni mwenye injini. Nimeongeza mstari mmoja tu. Kumbukumbu yoyote yenye jina la Inosi inapewa uzito mara tano.

Inosi ni mimi.

Saa nne Bi. Urmila kapita, kaketi, kaandika "Nadi", jina la mji. Inosi. Kaandika "rangi ya mafuta". Inosi. Kaandika "saruji". Inosi, Inosi, Inosi, ukurasa mzima. Kavua miwani. Kasema, "Inosi, kumbe unafanya kazi nyingi hivi? Nilikuwa sijui." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikasema ninafanya tu, sipendi kujionyesha.

Semesa katazama skrini muda mrefu. Kachukua kalamu yangu kaondoka nayo.

Lavenia kauliza kwa nini napiga mluzi. Nikamwambia amwambie baba yake aongeze magimbi.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa!

Bi. Urmila karudi kwenye kisanduku. Kaandika "malalamiko". Inosi. Kaandika "mteja amekasirika". Inosi. "Kuchelewa": Inosi. "Simu haikupokelewa": Inosi, mpaka chini. Kavua tena miwani, safari hii taratibu. Kauliza kama kuna tatizo lolote katika kampuni hii ambalo mimi simo.

Nikasema mashine bado changa. Nikasema inajifunza. Semesa, nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mtani, mashine imekujua mapema kuliko sisi." Ukumbi mzima kicheko. Bi. Urmila naye! Nikacheka. Nilicheka mpaka yule mama wa mapokezi akaniuliza kama nimepaliwa.

Nimekaa chooni kufikiri. Kuondoa ule mstari? Hapana. Mtu hakati mti unaozaa kwa sababu tunda moja limemwangukia kichwani. Dawa ni kuwagawa. Maneno mazuri yaniinue mimi. Maneno mabaya yamwinue mwingine. Na mwingine ni nani? Kuna mtu mmoja tu ofisini ambaye kwa sheria ya mababu hawezi kunikasirikia. Akichukua muhogo wangu nacheka. Nikimpa malalamiko yangu, acheke.

Ni utani tu. Dhamiri yangu safi kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandika orodha ya maneno mabaya. Kuoza. Kuvunjika. Kuchelewa. Hasara. Malalamiko. Kutu. Matusi. Vurugu. Kila kumbukumbu yenye neno baya na jina la Semesa: uzito mara tano. Yangu yenye neno baya: ishuke chini, chini kabisa, kusikofika mtu.

Shida moja. Ukibadilisha uzito wa namna hii, lazima mashine isome kila kitu upya. Kazi hiyo hufanywa watu wakiwa wamelala. Lakini nilikuwa na haraka, nikaianzisha saa tano mchana. Mashine ikashika kila kitu kwa mikono miwili. Wateja wetu Suva nzima wakashindwa kutoa ankara. Simu zikalia zote kwa pamoja. Mwenye duka mmoja wa Raiwaqa alisema ana foleni mpaka barabarani na watu wanamtukana mama yake. Bi. Urmila akatoka ofisini mwake na kidole kimesimama. Nikasema ni mvua. Mvua inaingia kwenye nyaya. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nikasema mvua ya jana.

Lakini imeisha, na inafanya kazi! Nimeandika "kuoza": Semesa. "Hasara": Semesa. "Kutu": Semesa anang'aa. Nimeandika "sikukuu": Inosi. "Keki": Inosi. "Pongezi": Inosi. Haki imetendeka.

Jioni kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, kama kila Ijumaa. Tumeketi kwenye mkeka, beseni katikati. Zamu ya Semesa ilipofika, kapiga kofi, kanywa kifuu chake, halafu kawaambia wote kwamba kisanduku chake ni pambo tu. Kasema injini ndiyo kazi, na hajawahi kuona mtu Suva aliyetengeneza kitu kama kile. "Watu wa Nukuvesi hawajui kupika," kasema, "lakini huyu mmoja anajua kufikiri." Alisema bila kucheka. Kilinichoma kidogo hapa kifuani. Nikaomba kifuu kilichojaa, nikakimeza pamoja na kile kitu, kikashuka.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Baba mkwe kapanda mbele na sulu jeusi, lile shuka la heshima la kiunoni, lililopigwa pasi mpaka linakata. Kamshukuru Mungu aliyemwinua mkwe wake akawa mkuu wa mashine za Suva. Mashine za Suva! Kwaya ikaimba. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Kuna mama alilia.

Kisha shimo la mawe ya moto likafunuliwa: nguruwe, magimbi, samaki katika majani ya minazi. Watu wakala. Nikaambiwa niseme neno. Nilikusudia kusema neno dogo. Nikazungumza juu ya uongozi. Nikazungumza juu ya mzigo wa uongozi. Nikatoa mfano wa nahodha. Baba mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa na maji.

Lavenia alikuwa anatazama mkeka. Tukafika mlangoni kwetu. Kisha kauliza, "Inosi, ukikosa?" Nikamwambia sikosi. Kauliza tena. Nikamwambia asilete mkosi nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Siku imeisha. Naandika.

Asubuhi nilivaa shati langu la maua jekundu, lile la sherehe, Lavenia alilinyoosha mwenyewe. Nilipofika ofisini Semesa yuko mlangoni, kamwagikiwa chai kifuani. Kanitazama. Nikajua. "Mtani," kasema, "hilo shati." Mbele ya watu wote! Ningefanya nini? Nikavua. Nikavaa lake lenye chai. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa ndani ya shati langu.

Mzee Pillay kaja na ndege ya kwanza kutoka Labasa. Mfupi, mkavu, fimbo mkononi. Hakutaka chai. Hakutaka hotuba. Bi. Urmila alikuwa amepanga Semesa aonyeshe sura, kisha mimi nieleze injini. Pillay kamsukuma Semesa kwa fimbo, polepole, kaketi mwenyewe. Kasema, "Nyinyi mkitafuta, mtatafuta mnachojua kipo. Acheni nitafute mimi."

Kaandika kwa kidole kimoja. Sote tulikuwa nyuma yake. Kaandika "Labasa malalamiko".

Semesa. Semesa. Semesa. Moyo wangu ukaruka kwa raha. Nikauma midomo nisicheke.

Pillay kasoma ya kwanza. Kasema, "Hii naikumbuka. Mabati yalikuja yamejikunja." Kasoma ya pili. "Hii ni ile saruji iliyolowa." Kaandika "kutu". Semesa. Kaandika "kuvunjika". Semesa. Kaandika "hasara". Semesa. Kila alipofungua moja, chini yake pameandikwa: limeshughulikiwa na Semesa. Kila alipofungua, mzee alisogea karibu zaidi na skrini. Nilikuwa nahesabu moyoni dakika zilizobaki bomu lilipuke.

Pillay kageuza kiti. Kauliza, "Semesa ni nani?"

Semesa kainua mkono. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Shati langu lilikuwa linampendeza, na hilo lilinikera.

Mzee Pillay kasimama. Kamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, "Kijana, miaka yote hii nikipiga simu hapa nilidhani nazungumza na ukuta. Kumbe kila nilipoumia, kuna mtu mmoja alikuwa anahangaika na shida yangu. Mtu mmoja! Na hata siku moja hukujitangaza."

Nilihisi sakafu inaondoka.

Hakuishia hapo. Mzee alikuwa amechangamka. Kauliza hawa wengine wanafanya nini. Kaandika "sherehe". Inosi. Kaandika "mapumziko". Inosi. Sijui shetani gani alimwongoza, kaandika "keki". Inosi, ukurasa mzima, na picha yangu nikiwa na kofia ya karatasi. Pillay kauliza, "Na huyu Inosi, mmemwajiri kwa ajili ya keki?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Na mimi, kwa mazoea, nikacheka.

Nilitaka kusema! Nilitaka kusema kwamba mabati yaliyojikunja niliyafuatilia mimi, wiki nzima, mpaka bandarini. Ile saruji iliyolowa pia mimi. Semesa alishika simu ya kwanza tu. Kumbukumbu zangu zote za Labasa zipo, ukweli mtupu, zipo ukurasa wa tisa. Huko ndiko nilikozizika kwa mikono yangu. Na ningeyasemaje bila kueleza yalifikaje huko?

Pillay kasema anabaki nasi. Kwa sharti moja: Semesa awe msimamizi wa mambo yake yote.

Jumatano, 13 Machi

Bi. Urmila kaniita, kafunga mlango. Kasema anataka nisikie kutoka kwake kwanza. Semesa ndiye mkuu.

Halafu kasema jambo ambalo sitalisahau hata nikizikwa. Kasema uamuzi wake ulikuwa mwingine. Tangu Jumanne ile ya kwanza, niliposimama peke yangu nikapiga makofi, alikuwa ameniona kupitia kioo. Alirudi jioni akaijaribu injini mwenyewe, kabla ya jina langu kuanza kujaa kila mahali. Aliona ndicho kitu bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa katika nyumba hii. Alikuwa ameshachapisha barua yangu. Lakini Pillay ndiye anayelisha kampuni, na Pillay anamtaka Semesa.

Kanionyesha ile barua. Jina langu limeandikwa vizuri. Kaichana mara mbili, katia kwenye kapu, kwa huzuni, kama mtu anayetupa chakula kizuri kilichoingiwa na nzi.

Nilikuwa nimeshapata. Nilikuwa nimeshapata kabla sijafanya lolote! Nimeshindwa hata kulia.

Nje, Semesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Filimone. Nikaona ninayo silaha moja imebaki. Nikamwendea mbele ya wote nikasema, "Mtani, kiti hicho nakitaka." Kicheko kikafa. Kwa sheria hawezi kukataa. Hakukataa. Kasimama mara moja, kanisukumia kiti, kasema, "Chukua mtani. Kilikuwa kinanibana." Nimekibeba mpaka nyumbani. Kwenye basi dereva kanitoza nauli ya watu wawili.

Kabla sijatoka ofisini, Bi. Urmila alikuwa ameshamnunulia Semesa kingine. Kinazunguka na kina sehemu ya kuegemeza kichwa.

Nikamweleza Lavenia yote. Ya uzito, ya maneno mabaya, ya keki. Nilitegemea anihurumie. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa darasa la pili. Kaweka kalamu. Kasema, "Jumanne ile ulikuja nyumbani unaniambia mashine imepata mabati ya kanisa la Savusavu. Ulikuwa na furaha kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu yule. Huyu mgawa uzito sijui katoka wapi." Halafu kaendelea kusahihisha.

Nimekaa kwenye kiti cha mkuu, sebuleni, gizani. Magurudumu yake hayaendi vizuri kwenye mkeka.

Ijumaa, 15 Machi

Amri ya kwanza ya mkuu mpya inanihusu mimi.

Pillay ana kabati la ankara za zamani za karatasi, za tangu enzi za baba yake. Mashine haiwezi kupata ambacho hakijaandikwa ndani yake. Anataka mtu aende Labasa akae boharini, aziingize zote, neno kwa neno. Semesa kanitaja. Eti ni heshima. Eti hakuna mwingine anayeijua injini. "Mtani," kasema, "huko hakuna wa kula muhogo wako. Utanenepa." Watu wakacheka. Nikacheka.

Kisha kanivuta pembeni, kaacha utani. Kasema ameiona mistari yangu kwenye msimbo. Nikasimama kama mlingoti. Kasema aliona jina lake karibu na maneno yote yale ya shida, akaelewa nilichofanya: kwamba nilitaka Pillay amwone yeye. Kasema mtu wa kwao hawezi kumfanyia mtani wake wema mkubwa hivyo kwa siri, na hatasahau. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Hata sasa sijui kama alikuwa anasema kweli au ananichezea. Na siwezi kumuuliza! Nikasema, "Si kitu, mtani."

Jumapili, 17 Machi

Ilibidi nimweleze baba mkwe kwa nini mkuu wa mashine za Suva anahama Suva. Nilifika kwake nimekusudia ukweli. Niliketi, nikakohoa. Akanipa nafasi kwenye mkeka wa juu, karibu naye, mahali ambapo hata mwanawe mkubwa haketi.

Nikasema nimepandishwa tena. Sasa ni mkuu wa Kaskazini nzima.

Alinishika bega. Kasema alijua. Kasema kanisa litakuja Labasa wakati wa Pasaka, kwaya yote, kunisimika kwa maombi nyumbani kwangu.

Lavenia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Kaliweka chini, katoka. Kasema baadaye kwamba yeye haji Labasa. Shule haijafunga. Nikamwambia shule ikifungwa atakuja. Kachukua madaftari yake, na nilimwelewa. Inaniuma. Naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuisema.

Jumatatu, 25 Machi

Labasa. Joto. Moshi wa kiwanda cha sukari. Nyumba yangu ni chumba nyuma ya bohari ya Pillay, kati ya mabomba na ndoo za rangi. Kwaya haitaenea. Haitaenea hata sauti ya kwanza.

Niko peke yangu na kabati. Nimeingiza ankara mpaka vidole vimekufa ganzi. Baba yake Pillay alikuwa na mwandiko wa kuku.

Lakini mtu akikaa peke yake anafikiri, na nimefikiri sana. Nimelichunguza kosa langu bila kujipendelea. Nimeligundua. Nilimpa Semesa mara tano. Ni nyingi mno! Zilimfanya aonekane shujaa. Ningempa mara mbili tu, angeonekana mzembe wa kawaida, na leo ningekuwa Suva kwenye kile kiti kinachozunguka. Kosa la hesabu. Linaweza kumtokea yeyote.

Na nimesikia jambo. Pillay atamchagua msimamizi wa bohari zake zote za Kaskazini, mwenye nyumba ya ghorofa mtoni, yenye baraza pana. Baraza ya kutosha kwaya. Anayetajwa ni Arvind, mtunza ghala wa hapa. Mtu mzuri mno. Siku niliyofika alinipokea bandarini, akanibebea kile kiti cha Filimone. Mke wake ananiletea roti na chatini ya nazi kila jioni, na hataki hata asante. Ananiita kaka.

Leo nimeona kwamba injini ya huku iko mikononi mwangu peke yangu. Hakuna mwingine anayeigusa.

Inasikitisha kuhusu Arvind. Lakini bohari hii ina tatizo la panya, na mzee Pillay hulitafuta neno hilo kila asubuhi.

Mara mbili tu. Isizidi.